Kilo Ishirini na Nne

Mtu alikuwa amefuta. Konokono aliliona hilo kabla hata hajavaa miwani. Ukurasa wa tatu wa fomu, mbele ya swali la kumi na moja, karatasi ilikuwa imechubuka, na alipouinua kwenye mwanga wa dirisha, mwanga ulipenya pale kama unavyopenya kwenye goti la suruali kuukuu. Swali lenyewe lilikuwa fupi: je, mzazi ana ugonjwa wowote wa kudumu? Kwenye kisanduku cha Hapana palikuwa na tiki. Kwenye kisanduku cha Ndiyo palikuwa na mchubuko.

"Unatafuta nini tena humo?" aliuliza Mkuu wa Madai, amesimama mlangoni na kikombe mkononi. "Hiyo imekwisha. Zahanati wametuletea orodha yao. Mama anatibiwa sukari mwaka wa nane huu, na kwenye fomu wametuandikia hana kitu. Andika ripoti, tuvunje mkataba, tushike kazi nyingine."

"Nitaandika."

"Lini?"

"Nikimaliza kusoma."

Mkuu alicheka kwa pua. Ofisi nzima walimwita huyu mpelelezi wao Konokono, na mwenyewe hakuwa na neno. Kwa miaka kumi na miwili ya kuchunguza madai ya bima, wenye mbio walikuwa wakimpita asubuhi, jioni wanarudi kumwuliza njia.

"Kesho saa nne," alisema Mkuu. "Hospitali wanataka jibu. Mama ana nafasi ya kupasuliwa moyo keshokutwa, na bila barua yetu nafasi anapewa mwingine. Iwe tunalipa, iwe hatulipi, lakini kesho saa nne nataka karatasi mezani."

Akaondoka. Konokono akausoma mkataba tangu juu hadi chini, kana kwamba hajawahi kuuona. Ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei. Watoto wawili walikuwa wamewakatia bima ya matibabu wazazi wao wawili. Moyo wa mama ulianza kusumbua mwezi wa tisa wa mkataba, na juu ya hilo hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa juu ya sukari. Kifungu cha mwisho kilisema kuwa mzazi akificha ugonjwa aliokuja nao, mkataba wote unakufa siku hiyohiyo, pamoja na kila aliyemo. Maana yake hata baba, ambaye hakuficha kitu, angetoka pamoja na mkewe.

Akaweka alama ya penseli pembeni ya mchubuko, akachukua mkoba wake, akatoka.

*

Aliyejaza fomu alikuwa binti wa familia, karani wa shule ya msingi. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba chenye kaunta ya mbao, mihuri mitano imepangwa kwa urefu, na dirisha lililoingiza kelele za watoto wa mapumziko. Kaka yake, fundi wa friji, alikuwa amekwisha fika, ovaroli limemchafuka magotini, bisibisi imechomoza mfukoni.

"Nieleze jinsi mlivyouchagua mpango huu," Konokono alimwambia Karani.

"Zilikuwa wiki mbili za ugomvi," alisema Karani. "Mipango ilikuwa miwili. Wa kwanza hauulizi kitu, unampokea hata anayepumulia mashine, ila ugonjwa aliokuja nao unangojewa miaka miwili ndipo ulipwe. Wa pili unauliza mpaka jina la mkunga aliyekuzalisha. Lakini ukishajibu, mwezi wa nne tu unalipiwa kila kitu."

"Mimi nilitaka wa kwanza," Fundi akadakia.

"Ulitaka kwa sababu ni rahisi."

"Nilitaka kwa sababu mtu anayeuliza sana hana nia ya kutoa. Haya, dada huyu ametoka wapi? Si kwa hao wanaouliza?"

"Ni kweli nimetoka huko," alisema Konokono. Akaifungua fomu juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye ukurasa wa tatu. "Hapa palifutwa."

Karani alitazama kidole kile kwa muda. Kisha akainuka, akafunga dirisha, kelele za watoto zikabaki nje.

"Nilifuta mimi."

"Umefuta nini?" Fundi aligeuka.

"Nyamaza kwanza, kaka." Akaketi tena. "Nilijazia nyumbani kwao, mezani, mama amekaa pembeni yangu. Kama mwezi hivi kabla ya hapo nilikuwa nimeona sindano kwenye mkoba wake. Zile ndogo ndogo, zenye kifuniko cha rangi ya chungwa. Sikumwuliza. Sasa nilipofika kwenye swali hili nikaweka tiki kwenye Ndiyo. Mama akaninyang'anya kalamu."

"Akasemaje? Nipe maneno yake, usinipangie."

"Akasema, mimi sina sukari. Futa. Nikamwambia, mama, hawa watu hawakosi kujua. Akasema, futa, mwanangu, usinibandike ugonjwa wa watu."

Konokono aliandika maneno hayo yote kwenye daftari lake, neno kwa neno, akapiga mstari chini ya matatu ya mwisho.

"Ukafuta."

"Mama yako akikwambia futa, wewe unafanyaje?"

Konokono alihamisha kidole chini kidogo. "Na hapa, kwenye mahali anapotibiwa, umeandika zahanati ya kiwanda."

"Alifanya kazi kiwanda cha nyuzi miaka ishirini na saba. Wastaafu wao wanatibiwa bure pale na dawa wanapewa. Kadi yake ilikuwa mezani, nikanakili namba. Wala hakunikataza."

Fundi alikuwa ameinamia kaunta, mikono miwili imeshika ukingo. "Kwa hiyo mama alijua," alisema polepole. "Sindano anajichoma, zahanati anakwenda, halafu anatukazia macho kwamba hana. Ametudanganya sisi, na sisi tukawadanganya hawa."

"Sijasema hivyo," alisema Konokono.

"Hujasema. Umefunua tu karatasi."

Karani alikuwa akiisogeza mihuri yake, mmoja baada ya mwingine, kisha anairudisha palepale. "Dada, mkataba ukivunjwa, upasuaji wa keshokutwa..."

"Kampuni haitalipa."

"Na sisi hatuwezi," alisema Karani, kwa sauti ileile ambayo bila shaka huitumia kusoma majina ya wanafunzi waliohama.

*

Zahanati ya kiwanda ilikuwa nyuma ya ghala la pamba, vyumba vinne na baraza lenye mabenchi. Mtunza mafaili alikuwa mwanamume mwembamba aliyevaa sweta kwenye joto lile. Alisoma barua ya Konokono mara mbili, akaingia kati ya rafu, akarudi na faili nene lililofungwa kwa ukanda wa kitambaa.

"Kila kitu kimo," alisema. "Orodha tumewapelekea, lakini mkitaka kujionea wenyewe, karibuni. Huyu mama ni mteja wetu wa siku nyingi."

Konokono alikaa kwenye benchi na faili mapajani. Wengine hutazama jina la ugonjwa, wananakili, wanaaga. Yeye alianza na ukurasa wa kwanza na kila kilichoandikwa juu yake, hata vile vitu ambavyo wauguzi huviandika wakiwa wanawaza chakula cha mchana: tarehe, joto la mwili, uzito. Alikuwa kwenye mwaka wa pili kidole chake kiliposimama.

Akarudi nyuma kurasa tatu. Akaenda mbele mbili.

"Ndugu yangu," aliita. "Hebu nisomee namba hii."

Mtunza mafaili akainama. "Themanini na tatu. Kilo."

"Tarehe?"

"Tarehe sita."

"Na hii, mwezi uleule?"

"Hamsini na tisa. Tarehe ishirini na saba." Akajikuna shingo. "Wiki tatu. Mizani hiyo itakuwa imeharibika."

"Mizani iko wapi?"

Ilikuwa chumba cha pili, ya chuma, rangi imebanduka pale watu wanapokanyaga. Konokono akavua viatu, akaweka mkoba chini, akapanda. Mshale ukasimama sabini na mbili. Ndizo alizokuwa nazo kwa daktari wake mwezi uliopita.

"Panda na wewe."

"Mimi tena?"

"Panda tu."

Akapanda na sweta lake. "Hamsini na sita," alisema, akashuka. "Ndizo zangu. Basi labda mama wa watu alikuwa na mawazo. Mawazo yanakondesha."

"Kilo ishirini na nne kwa wiki tatu? Mwezi unaofuata amezirudisha zote? Mawazo ya namna hiyo hata mimi nayataka."

Mtunza mafaili alitaka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha. Konokono alirudi benchini, akachora mstari katikati ya ukurasa wa daftari lake. Upande mmoja aliandika siku zote za themanini na kitu. Zilikuwa chache: jino, mgongo, kikohozi, jino tena. Sukari ilipimwa mara moja tu, ikawa tano, na mtu asiye na ugonjwa huo huwa hivyo. Upande wa pili siku za hamsini na kitu. Hizi zilijaa ukurasa na kuvuka wa pili, karibu kila mwezi kwa miaka minane: sukari kumi na nne, sukari kumi na sita, sukari kumi na tatu. Insulini. Chini ya jina la daktari mmoja mwenye mwandiko mzuri palikuwa na maagizo: sindano mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, tumboni, dawa iwekwe penye ubaridi, isigande.

Akayanakili yote.

"Dada," alisema mtunza mafaili, sauti imeshuka, "hasa unachotafuta ni nini?"

"Natafuta mama mmoja."

Yule bwana akautazama ule mstari wa katikati. "Kwa siku tunapokea watu mia," alisema. "Mtu anakuja na kadi. Kadi haina picha."

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza."

"Basi tuishie hapo kwa leo."

Nje, Konokono alisimama kwenye kivuli cha ghala. Wanawake wawili walikuwa wakiishi ndani ya faili moja. Hilo alikuwa nalo mkononi. Lakini halikutosha, kwa sababu barua ya hospitali haikutaja uzito wa mgonjwa, naye hajawahi kumtia machoni. Kama mama wa mkataba alikuwa yule wa kilo hamsini na tisa, Mkuu alikuwa sahihi na familia imekwisha. Kama alikuwa yule wa themanini na tatu, basi kuna mtu mwingine. Akampigia Karani simu, akamwomba awe nyumbani kwa wazazi saa kumi na moja pamoja na kaka yake, na asimwambie mama kitu.

*

Aliyefungua mlango alikuwa Mzee, baba wa watoto, aliyeendesha greda maisha yake yote na bado alitembea kama anayeshuka kwenye ngazi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa bima? Mambo ya bima sijui. Niulize barabara, nitakwambia hata kokoto zilitoka wapi. Pita ndani."

Sebule ilikuwa na makochi manne na meza ya chini. Watoto walikuwa wamekaa pamoja kama waliopelekwa kwa mwalimu mkuu. Kwenye kochi la pembeni, ameegemezwa na mito mitatu, alikaa mama yao. Alikuwa mwanamke mnene, mabega mapana, pumzi fupi. Konokono hakuhitaji mizani. Zilikuwa themanini na zaidi.

Nyuma yake, kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, alikaa mwanamke mwingine aliyefanana naye uso kama picha moja iliyochapwa mara mbili, ya pili kwa wino hafifu. Mikono yake ilikuwa myembamba kama ya msichana.

"Mdogo wangu huyo," alisema Mama, alipoona macho ya mgeni yanakwenda huko. "Mama mdogo wa hawa. Amekuja kunisaidia kupika. Kaa, mwanangu. Najua kilichokuleta."

"Umejuaje, mama?"

"Huyu fundi wangu hajawahi kuja kwangu siku ya kazi. Nikajua kuna msiba au kuna karatasi." Akavuta pumzi. "Andika nikupe. Nina sukari. Mwaka wa nane huu. Niliwaficha watoto, nikawaficha na nyinyi. Binti yangu hana kosa, mimi ndiye niliyemwambia afute. Weka hivyo, nitie sahihi, uende zako."

Karani aliweka kiganja mdomoni. Fundi akainuka, akakaa tena.

"Mama, kwa nini?" alisema. "Tungechukua ule mpango mwingine. Tungengoja."

"Nimesema nimeficha. Unataka niimbe?"

Konokono hakuwa ameandika neno. Alivaa miwani, akafungua daftari, akageuza kurasa bila haraka. "Hospitali wanaweza kukupima damu kesho asubuhi," alisema. "Kipimo kimoja kinaonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita. Tumalizie hapo."

"Sipimwi."

"Ni tone tu la damu."

"Nimeshakiri, unanipimia nini? Mwizi akikiri unampekua tena mifuko?"

"Mimi humpekua," alisema Konokono. "Basi niambie tu. Sindano unajichoma mara ngapi kwa siku?"

"Moja. Asubuhi."

"Unachoma wapi?"

"Mkononi. Hapa." Akagusa msuli wa juu wa mkono.

"Na dawa unaiweka wapi?"

Mama alisita kidogo tu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. "Kwenye friji."

"Friji ipi, mama?" Karani aliuliza kabla hajajizuia.

Wote wakatazama pembeni, kwenye friji nyeupe iliyosimama mlango wazi, ndani yake mmepangwa vitabu vya Mzee na viatu vya ibada. Fundi akainamisha kichwa.

"Ina muda gani hiyo?" Konokono aliuliza.

"Miezi mitatu," alisema Mzee. "Anatengeneza friji za mji mzima. Ya mama yake anangoja kipuri."

Konokono akafika kwenye maagizo aliyoyanakili, akayasoma kwa sauti ya kawaida. Mara mbili kwa siku. Tumboni. Penye ubaridi. Akaliweka daftari mezani.

"Mama, mtu aliyejichoma miaka minane hakosei anachoma wapi wala mara ngapi. Yule mwanamke wa zahanati ana kilo hamsini na tisa. Wewe zako wanazo kwenye siku za jino na za mgongo." Akavua miwani. "Huna sukari. Hujawahi kuwa nayo. Ulimwambia binti yako ukweli, na leo ndiyo unanidanganya mimi."

Hakuna aliyemtazama mwanamke wa kwenye kigoda. Ndivyo Konokono alivyojua kwamba sasa wote wameelewa.

Mama mdogo aliinuka, akaingia jikoni. Akarudi amekumbatia chungu kidogo kilichofunikwa kwa kitambaa kibichi. Akakiweka mezani, akaondoa kitambaa. Ndani mlikuwa na mchanga uliolowa, na katikati ya mchanga vichwa viwili vya chupa ndogo za kioo. Kando yake akaweka sindano ndogo yenye kifuniko cha rangi ya chungwa, kama zile Karani alizoziona kwenye mkoba wa mama yake.

"Maji nabadilisha asubuhi na jioni," alisema. "Yanashika ubaridi vizuri. Hata leo nimekuja nacho, maana sindano ya jioni ingenikuta hapa."

"Kaa chini, wewe," Mama alimwambia.

"Nimekaa miaka minane, dada."

"Nimesema kaa. Mwanangu," Mama akamgeukia Konokono, na mara hii pumzi ilimkatika kati ya maneno, "usiandike. Hivyo nilivyokwambia mwanzo ndivyo uandike. Huyu hana kadi, hana mtoto, anauza mkaa. Zahanati wakijua, hawampi tena hata chupa moja. Mimi moyo wangu umefanya kazi miaka sitini na sita, umechoka, si ajabu. Yeye akikosa dawa wiki mbili tunamzika."

"Na wewe usipopasuliwa?" Karani aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi nina watoto wa kunizika."

Mzee alikuwa ameinamia gazeti mapajani muda wote huo. "Ulikuwa unajua kwamba najua?" alimwambia mkewe. "Kila mwezi unampa kadi kwenye kitambaa, unadhani ninasoma gazeti."



"Huyu ndiye aliyetulea," Karani alimwambia Konokono, kama anayetoa ushahidi. "Mama alikuwa zamu za usiku miaka kumi na moja. Tulikuwa tunalala kwa mama mdogo, tunaamkia kwake, anatupeleka shule. Halafu tunakaa wiki mbili tunagombania bima ya wazazi, tunahesabu wawili."

"Walikuwa watatu," alisema Fundi.

Konokono alilivuta daftari lake. Kisha akasema, maana kazi yake ilimtaka aseme: "Mimi nimeulizwa jambo moja tu. Je, huyu mama alificha ugonjwa? Hakuficha. Lakini nikiandika hivyo peke yake, Mkuu wangu ataniuliza faili la zahanati ni la nani, na kampuni itakiandikia kiwanda. Sitasema uongo, hata kwa huruma. Nikiandika alivyokiri, mkataba unakufa kesho. Nikiandika kweli, kesho hospitali wanapata barua, na zahanati inamfungia mlango mama mdogo. Mkitaka nitawaeleza na hili: ule mpango usiouliza kitu utampokea. Sukari yake utaanza kuilipa baada ya miaka miwili."

"Na hiyo miaka miwili?" aliuliza Mama.

"Dawa nitanunua mimi," alisema Fundi.

Mama alimgeuzia macho, akayapeleka kwenye friji yenye viatu, akayarudisha kwake. "Wewe."

Neno hilo moja lilimkaa Fundi usoni kama kofi. "Mimi," alisema. "Na dada. Usiponiamini mimi, mwamini yeye, atanidai mbele ya watu."

"Nitamdai," alisema Karani.

"Watoto wanaahidi," Mama alisema. "Wana wao, wana kodi. Mwezi wa kwanza, wa pili. Wa tano anasahau mmoja, mwingine anadhani mwenzake amenunua."



Mama mdogo alisogea mpaka mezani. "Binti," alimwita mpelelezi, "hiyo karatasi ya kweli ukiiandika, mimi natakiwa kufanya nini?"

"Kuweka sahihi kwamba faili la sukari ni lako."

"Sijui kuandika."

"Dole gumba linatosha."

"Na nikishaliweka, mwezi ujao nikienda pale hawanipi."

"Hawakupi."

"Chupa hizi ni za siku kumi na tisa," alisema mama mdogo, akiutazama mchanga. "Andika."

"Ukiliweka hilo dole, mimi na wewe basi," Mama alisema. Alijaribu kuinuka, mito ikaanguka, akarudi kochini akihema. Karani akaenda kumshika. "Nilikukataza. Siku ile ya kwanza nilikukataza, nikakwambia hili tunakufa nalo."

Konokono aliandika. Alichukua muda wake, kama kawaida, mistari sita tu, kila neno mahali pake, na chumba kizima kikangoja kalamu. Akasoma kwa sauti yote aliyoyaandika, ili asiyejua kusoma asitie dole kwenye asichokijua. Kisha akatoa pedi ya wino kwenye mkoba, akaifungua.

Mama mdogo alikaza dole gumba kwenye wino, halafu kwenye karatasi, akalibonyeza kwa nguvu, kwa mkono wa mtu aliyezoea kubonyeza kitu chini ya ngozi yake kila siku. Alipoliinua, akamgeukia dada yake.

"Umenibeba miaka minane," alisema. "Sasa nitue."

Mama alimtazama. Kifua kilipanda na kushuka. Mzee alifunga gazeti ambalo hakuwa akilisoma, akaliweka chini.

Konokono alikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaandika juu yake Mkuu wa Madai, na chini yake tarehe ya kesho, saa nne. Alipoinua macho kuaga, Mama alikuwa ameukamata mkono wa mdogo wake, ameuvuta mapajani, na kwa upindo wa nguo yake mwenyewe alikuwa akiufuta wino kwenye lile dole, polepole, mpaka kwenye mikunjo ya ngozi.